Nyuzi Tatu Nyekundu Kwenye Kola

Siku ile, nyumbani kwa Mzee Kiula kule Kinampanda, tulikuwapo watu hawa. Mzee Kiula mwenyewe, mwenyekiti wa kijiji, kwenye kiti pekee chenye mgongo. Mkewe, aliyeingia na kutoka kwa kisingizio cha kuku aliyekuwa jikoni. Dada yake Mzee Kiula, ambaye wote walimwita Shangazi, aliyekuja kunikagua mimi pamoja na kabila langu zima. Binti yao Debora, ambaye kwa adabu hakutakiwa kuwapo, lakini vidole vyake vya miguu niliviona chini ya pazia la chumbani. Upande wetu alikuwapo mdogo wangu Ntandu, mwenye posa, ameketi kwenye kigoda mbele ya pazia hilohilo. Alikuwapo Mzee Sefu, dobi aliyenifunza kazi, ambaye siku hiyo alikuwa mshenga wetu na, kwa kuwa tulikuwa yatima, pia baba yetu wa siku moja. Nilikuwapo mimi, na mwanangu Yusta amelala mgongoni. Na mwisho alikuwapo mtu ambaye hatukumtarajia, aliyeinama mlangoni kwa sababu ya urefu wake, amevaa kaptura na shati lililopauka. Huyo alikuwa Ndugu Chilongani, bwana ushirika kutoka mjini Singida.

Ntandu alikuwa amevaa suti ya kijivu. Suti hiyo ilikuwa ya Ndugu Chilongani.

Nitaeleza tulivyofika hapo. Ninyi mabinti wa kikundi chetu cha kufua na kupiga pasi hapa Utemini mmeniomba, kwa kuwa nimestaafu, niandike mafanikio na changamoto za kazi yangu. Mafanikio ni kwamba nimelea watu kwa maji na mkaa. Changamoto ni hiyo suti.

Niliacha shule darasa la sita, kwetu upande wa Ikungi. Baba alitangulia, mama akafuata kabla ya mavuno yaliyofuata, nikabaki mkubwa wa wadogo watatu. Mwalimu alikuja nyumbani kunishawishi nirudi darasani. Alinikuta nasonga ugali wa uwele wa watu wanne. Akanawa mikono, akala, akawa wa tano, kisha akaondoka bila kuigusa hotuba aliyokuja nayo. Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya nilipowachukua wadogo zangu tukahamia mjini kwa mama yetu mdogo, ambaye alikuwa na chumba kimoja na moyo wa vyumba vitatu.

Mzee Sefu alikuwa na kibanda cha dobi karibu na soko. Alitoka pwani akiwa kijana, akaoa hapa, akazeeka hapa, lakini bado alivaa kofia yake kama mtu anayesubiri basi la kurudi kwao. Nilimwomba kazi. Akanitazama.

"Sijapata kuona dobi mwanamke," akasema.

"Na nguo zako za nyumbani hufuliwa na nani, mzee?"

Akafikiri kidogo. "Njoo kesho," akasema.

Siku yangu ya kwanza nilitaka kumwonyesha kwamba mimi ni hodari. Kisimani palikuwa na foleni ndefu, na ziwa lilikuwa karibu, linametameta, maji tele hayana mwenyewe. Nikaenda kufulia ziwani mashati kumi na mawili ya watu wa ofisini. Asiyekulia mjini Singida hajui kwamba maji yale yana chumvi. Sabuni ilikatika kama maziwa yaliyochacha. Nikasugua kwa nguvu zaidi, nikaanika juu ya mawe, yakakauka upesi, yakasimama wima yenyewe kama askari. Nilipokuwa nayabeba kichwani kurudi, ng'ombe wa mtu waliacha malisho wakanifuata. Nikatembea haraka, nao wakatembea haraka. Nilifika dukani na mashati kumi na mawili na ng'ombe wanne, mmoja akiwa ameshalamba mkono wa shati la karani hadi umelainika. Mzee Sefu alitoka nje, akatazama msafara ule, akasema, "Binti, leo umeleta na wateja." Kisha akanipeleka kisimani, tukarudia yote, na hakulitaja tena jambo lile isipokuwa kila alipopita ng'ombe.

Alinifunza kupima pasi kwa kusikiliza. Unalowesha kidole, unagusa chini ya pasi. Ikilia kwa ufupi iko tayari kwa pamba, ikinguruma isubiri. Alinifunza kutengeneza wanga kwa muhogo, na kuupooza kabla ya kola, maana kola ya moto hugeuka kisu shingoni mwa mtu. Kunyunyizia nguo alitumia mdomo. Alijaza maji mashavuni, akapuliza ukungu mwembamba ambao sijauona kwa chombo chochote cha dukani hadi leo. Wateja ambao hawakuiona kazi hiyo hawakulalamika.

Alinifunza pia alama. Wenzake waliandika majina kwa wino ndani ya kola, na wino hutoka au hubaki mahali pasipotakiwa. Mzee Sefu alishona nyuzi za rangi. Kila mteja alikuwa na rangi yake na idadi yake ya mishono, fupi, chini ya kola upande wa ndani. Ndugu Chilongani alipohamia mjini kutoka kwao Kintinku, tulimpa nyuzi tatu nyekundu. Mimi ndiye niliyemshonea.

Na juu ya yote kulikuwa na sheria. "Nguo ya mteja haivaliwi," alisema Mzee Sefu. "Si kwa dakika moja. Si kwa kujipima. Mtu akikupa nguo yake amekupa ngozi yake ya nje. Ukiivaa, hata asipojua, wewe utajua, na mkono wako wa pasi utaanza kutetemeka." Niliamini hivyo kabisa. Niliamini kwa miaka.

Nikaolewa na utingo wa lori, mtu mwema ambaye alikuja nyumbani kama mgeni na kuondoka kama barua. Yusta alipozaliwa, nilirudi kazini naye mgongoni baada ya arobaini. Kibanda kilikuwa na majiko mawili ya mkaa, mvuke na joto, na mtoto alilia tangu asubuhi. Alipoanza kukaa, nilimweka kwenye karai kubwa la nguo zilizokwisha pigwa pasi, kwa kuwa ndipo palipokuwa safi. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Ijumaa moja alistarehe juu ya kanzu nne zilizokuwa zikisubiriwa na wenyewe kwa ajili ya msikitini, na alipomaliza kustarehe hakuna hata moja iliyokuwa kavu. Wenyewe walikuwa mlangoni.

Mzee Sefu hakunifokea. Aliwapa wateja kanzu zake mwenyewe, zilizowafika wengine magotini, kisha akaketi juu ya sanduku. "Mwanangu," alisema, "mtoto huyu anafanya kazi kinyume chetu, na anatuzidi kasi. Wewe ni dobi. Lakini hapa si mahali pa mama. Kaa nyumbani, fua hukohuko. Nitakugawia wateja."

"Watakuja kwangu? Kwa dobi wa uani?"

"Watu huifuata kola, hawaufuati mlango."

Akanipa pasi yake ya pili, ile ya mkaa yenye jogoo mdogo wa shaba kwenye komeo. Ndivyo nilivyoacha kazi ya kibanda na kuwa dobi wa nyumbani, Utemini, chumba na ua, na mawe makubwa nyuma ya nyumba ya kuanikia.

Msidhani watu walinipongeza. Kazi, wakati ule, ilikuwa kitu unachokiendea, umenawa uso, watu wakikuona unapita. Mwanamke aliyebaki uani na beseni alihesabiwa kuwa amebaki uani tu. Jirani yangu Mama Zuhura alinisalimu kila asubuhi kwa kusema, "Leo nawe hukwenda kazini?" nami nikiwa nimesimama katikati ya suruali kumi na nane. Balozi wa nyumba kumi alipokuja kuandika watu na kazi zao alitaka kunijaza "mama wa nyumbani". Nikamwambia aangalie shati alilovaa, amkumbuke aliyelinyoosha, kisha aandike. Akaandika "dobi", akatazama huku na huku, akaongeza "wa nyumbani".

Kazi ya nyumbani ina adui zake. Upepo wa Singida ulinipelekea shuka la mgeni wa serikali hadi juu ya paa la kanisa. Mbuzi wa Mama Zuhura alipenda wanga, akala kola mbili na kuacha mashati yenyewe bila dosari. Yusta naye aliniona ninanyunyizia maji kwa mdomo kama nilivyofundishwa, akajifunza haraka, ila yeye alitumia uji. Nikagundua saa zangu. Kufua wakati mtoto amelala asubuhi, kuanika akiwa mgongoni, pasi mchana mlango umefungwa. Hakuna aliyenifundisha hayo, na ninyi mnaofanya kazi na watoto miguuni msiruhusu mtu awaambie kwamba hiyo si saa ya kazi. Ndani ya mwaka mmoja wateja wote niliogawiwa walibaki, na wengine wakaja. Kamba ile ya nguo uani ndiyo iliyolisha nyumba, ikawasomesha wadogo zangu wawili, na kumnunulia Ntandu randa na msumeno wa kujifunza useremala.

Ntandu alikwenda kutengeneza madawati ya shule katika kijiji cha ujamaa jirani na Kinampanda, akarudi hali chakula. Nilidhani ni malaria. Ilikuwa Debora.

"Baba yake ni mwenyekiti," akaniambia. "Amesema hataki mkwe wa viraka."

"Una suruali ngapi?"

"Dada, unajua. Umezishona wewe."

Alikuwa na suruali moja, na hiyo ilikuwa viraka vilivyoshikiliwa na viraka. Kwa wakwe tulitakiwa Jumamosi. Alhamisi Ndugu Chilongani alileta suti yake ya kijivu, akasema, "Mama Yusta, sina haraka nayo, nitaipitia Jumatatu. Jumamosi nina safari ya vijijini, huko suti ni ya nini?" Hakusema vijiji gani. Nami, kwa adabu, sikuuliza. Tangu siku hiyo nimeacha adabu hiyo. Mteja akisema ana safari, namuuliza anakokwenda.

Ijumaa niliitazama suti ile ikining'inia, nikamtazama Ntandu. Nikaikumbuka sheria. Kisha nikachukua pini.

Ndugu Chilongani alimzidi Ntandu urefu kwa kichwa kizima. Suruali niliikunja na kuishikiza kwa mishono mirefu. Koti nililivuta mgongoni na kulibana kwa pini sita, zikishuka sawasawa kama vifungo. Kwa mbele Ntandu alikuwa bwana harusi. Kwa nyuma alikuwa nungunungu. "Usimpe mtu mgongo," nilimwambia. Mzee Sefu tulikutana naye kwenye lori asubuhi. Suti ilikuwa bado imefungwa ndani ya shuka. Ntandu aliivalia nyuma ya jiwe tulipokaribia nyumba ile. Mzee Sefu alipomwona, alimzunguka mara moja, akainua kola kwa kidole, akaziona nyuzi tatu nyekundu. Alinitazama kwa muda mrefu. "Mkono wako huu," akasema, na hakusema lingine, kwa kuwa tayari tulikuwa tumepiga hodi.

Basi turudi sebuleni kwa Mzee Kiula.

"Karibu, Ndugu Chilongani, karibu sana," alisema mwenyeji wetu. "Mkutano wa alizeti umekwisha? Kaa ule nasi. Tuna wageni wa heri."

"Nisameheni mavazi yangu," alisema Ndugu Chilongani akiketi. "Suti yangu iko kwa dobi."

"Dobi gani huyo asiyemaliza kazi?" akauliza Shangazi.

"Ni mama mmoja wa Utemini. Mwaminifu sana."

Ndipo aliponiona mimi. Akatabasamu, akafungua mdomo anisalimu. Kisha macho yake yakahama, yakamfikia Ntandu. Yalianzia kwenye viatu, ambavyo vilikuwa vya Ntandu mwenyewe na kila mtu aliweza kuona hivyo, yakapanda kwenye suruali, yakapanda kwenye koti, yakasimama kwenye kifungo cha tatu. Kifungo hicho nilikishona mimi. Kilikuwa cha kahawia, kwa kuwa cha kijivu hakikupatikana Singida nzima.

Nataka mjue nilichokiona wakati ule. Nilimwona Ntandu akirudi nyumbani peke yake. Niliwaona wateja wakija mmoja mmoja uani kwangu kuchukua nguo zao, bila kunitazama usoni, na kamba tupu ikipigwa na upepo. Neno moja la mtu yule lilitosha kwa yote mawili.

"Suti nzuri, kijana," alisema Ndugu Chilongani.

"Asante, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umeshonesha wapi?"

Nilimwomba Mungu amnyamazishe mdogo wangu. Mungu alikuwa na kazi nyingine.

"Dar es Salaam," alisema Ntandu, ambaye hakuwahi kuvuka Manyoni.

"Dar es Salaam ipi?"

"Pale... karibu na bahari."

"Aa, fundi wa karibu na bahari. Namfahamu. Hodari, ila ana tabia ya kuishiwa vifungo."

Mzee Sefu alianza kukohoa hadi akaletewa maji.

"Kumbe mnafahamiana!" alisema Mzee Kiula, amefurahi. "Simama basi, kijana, tukuone vizuri."

Ntandu alisimama, mgongo umegusa pazia.

"Sasa geuka, Shangazi aone mshono wa Dar es Salaam."

Ntandu hakugeuka. Jasho lilimtoka hadi masikioni. Mara akashtuka kama aliyeng'atwa na siafu, akatoa sauti ndogo, akasimama tena wima. Nikaona sasa ni zamu yangu.

"Mzee, tunaomba radhi," nilisema. "Kwetu Wanyaturu, kijana hawapi wakwe mgongo. Ni mwiko. Hata kutoka, hutoka kinyumenyume."

Sijui desturi hiyo ilitoka wapi. Ilikuwa na umri wa nusu dakika. Mzee Sefu, mtu wa pwani, aliitikia kwa kichwa kama aliyezaliwa nayo.

"Yesu wangu," alisema Shangazi, "hiyo ndiyo heshima. Siyo vijana wetu hapa wanaotuonyesha visogo kutwa nzima."

Ndugu Chilongani aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika kidogo, na sikujua kama ni hasira.

"Ndugu Chilongani," akasema Mzee Kiula, "wewe ni mtu wa serikali na huna upande hapa. Hawa hawana baba wala mama. Mshenga wao amesema mazuri, lakini mshenga ndiyo kazi yake. Wewe unasemaje?"

Hata mke wa Mzee Kiula alimsahau kuku. Yusta aliamka mgongoni mwangu, akachungulia juu ya bega langu, akamtazama mtu yule, naye akamtazama mtoto. Kisha akanitazama mimi. Sikuweza kumwomba kwa macho, niliyainamisha chini.

"Kijana simjui sana," alisema taratibu. "Namjua nje yake tu. Lakini aliyemlea ninamjua. Mimi ni mhamiaji, mzee, vitu vyangu vyote vinapita mikononi mwa watu. Kila nilichowahi kumpa mama huyu kimerudi kikiwa safi kuliko kilivyokwenda. Nadhani na binti yako atatunzwa hivyo."

Mzee Kiula aliitikia kwa kichwa kwa muda. Halafu akapiga goti lake kwa kiganja. "Nimekubali. Ng'ombe tutazungumza na mshenga. Ila nina sharti moja. Siku ya harusi kijana avae suti hiyohiyo. Nataka ndugu zangu wa Kiomboi waione."

"Naunga mkono hoja," alisema Ndugu Chilongani, akicheka sasa waziwazi.

Tulikula kuku. Ntandu alitoka kinyumenyume, akajigonga kwenye mwimo wa mlango, akasifiwa.

Jumapili niliisugua suti kwa brashi, nikaipiga pasi juu ya kitambaa kibichi, nikatoa pini. Nilipata tano. Nikadhani ya sita imeanguka Kinampanda. Jumatatu Ndugu Chilongani alikuja mwenyewe, akasimama uani.

"Suti yangu imerudi safari?"

"Imerudi, ndugu." Nilikuwa nimetayarisha maneno usiku kucha, na yote yalinikimbia. "Kosa ni langu peke yangu. Ntandu nilimvalisha mimi. Ukitaka kuwaambia wenzako wasilete nguo hapa, una haki."

Alivaa koti palepale, kama alivyozoea kujaribu. Akaruka.

"Ala!" Akapeleka mkono mgongoni, ndani kabisa ya bitana, akachomoa pini. Akaishika mbele ya uso wangu. "Na hii ni nini? Risiti?"

Nilitaka kulia nikajikuta nacheka. Naye akacheka, akaketi juu ya beseni lililogeuzwa.

"Nilikasirika, usidhani sikukasirika," alisema. "Nilisema moyoni, ngoja wamwambie tena ageuke, nimwaibishe. Halafu ukaanza na huo mwiko wenu. Mama Yusta, hata kwetu Ugogo hatuna uongo mzuri kama ule. Nikakumbuka safari yangu mimi. Nilikwenda kwa wakwe mwaka juzi, na suti hii hii. Suti yangu, ya kipimo changu, hakuna pini. Wakaniuliza, umekuja na nani? Nikasema, na mimi mwenyewe. Wazazi wangu wamekufa, dada sina. Wakasema, basi rudi ukalete watu. Nikakosa watu wa kuleta." Akaigeuza pini vidoleni. "Mdogo wako hakuwa na suti, lakini alikuwa na watu."

Nikamtengenezea chai.

"Suti ya harusi nitawaazima," alisema alipomaliza kikombe. "Tena safari hii muiombe, kama watu. Lakini nataka nilipwe, na sitaki pesa. Siku nikipata pa kwenda, utanipigia pasi, utakuja nami, utakaa upande wangu. Wakiuliza nimekuja na nani, utasema wewe ni dada yangu. Na ukihitajika mwiko, utaubuni."

"Nimekubali, kaka," nilisema.

Alinirudishia pini. "Itunze. Huenda nitakuwa nimekonda."

Nilikwenda kwa Mzee Sefu kuungama. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka pasi yake chini. "Nguo ya mteja haivaliwi," akasema kwa ukali. Kisha akatazama nje. "Kanzu niliyoolea mimi ilikuwa ya tajiri mmoja wa Tabora. Aliipokea Jumatatu inanuka pilau. Na mkono wangu wa pasi haujatetemeka mpaka leo, kwa hiyo hapo nilikudanganya."

Harusi ilifanyika, na suti ilionekana na Kiomboi nzima. Ndugu Chilongani alikuja amevaa shati jeupe nililolinyoosha mimi, akakaa upande wetu, akala wali kwa furaha ya mtu anayetazama nguo zake zikioa. Na huko Kinampanda, katika ukoo ule, wakwe wanaume wanatoka sebuleni kinyumenyume hadi leo. Vijana wanaambiwa ni jambo la kale.

Debora aliniambia baada ya mtoto wake wa pili, tukichambua mboga. "Wifi, siku ile ya posa nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona mgongo wote. Pini sita."

"Na ukakubali?"

"Moja ilikuwa inachomoka, koti lingefumuka mbele ya baba. Nikapenyeza mkono nikairudisha. Nadhani nilisukuma sana."

Kwa hiyo mmoja wa wale tuliokwenda kuwadanganya alikuwa ameungana nasi kabla hata kuku hajaiva.

Ndugu Chilongani alipewa uhamisho kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Alikuja na sanduku lake kuniaga, nikamfungia mashati yake yote, na yeye akamwinua Yusta juu. "Deni lipo," akasema. "Lipo," nikajibu. Baadaye vikaja vijiji vya kuhamia na kuhamishwa, na wateja wangu wengi wakatawanyika. Ikaja miaka ya kukosa sabuni, tukafulia magadi na majivu yaliyochujwa, na nikagundua majivu ya mabua ya mtama yanang'arisha kuliko ya kuni. Andikeni hilo, litawafaa siku moja. Mzee Sefu alifariki, kanzu yake ya mwisho nikaipiga pasi mimi. Watoto wa watu waliovaa kola zangu walileta kola zao. Sikutoka tena nje ya ua ule kutafuta kazi, na sikumbuki siku ambayo kazi ilikosa kuniona.

Kutoka kwa Ndugu Chilongani ilikuja barua moja tu, miaka mingi baadaye, mkononi mwa abiria wa treni aliyepitia Kintinku. Ilikuwa mistari miwili. "Mama Yusta, bado natafuta. Usimwage mkaa."

Mwaka huu nimeweka kazi chini. Beseni zote mmezichukua, na kamba, na meza, na blanketi lake. Rehema, wewe uliiulizia pasi ya jogoo, ukasema ni mapambo mazuri ya ukutani na kwamba siku hizi kuna ya umeme. Nilikunyima, ukanuna, na sikukueleza. Sasa umeelezwa. Iko chini ya kitanda changu, imefungwa ndani ya shuka, na pini moja imechomekwa juu yake. Mtu wa Kintinku akifika hapa akiuliza nyumba ya dada yake, mleteni. Mkaa ninao debe zima.